Maji ya Futari

Ujumbe uliingia Jumatano saa mbili asubuhi, Bi Kudura akiwa anahesabia watu mandazi, kwa hiyo hakuusoma papo hapo. Simu ililia mara moja ndani ya mkoba, ikanyamaza. Mbele yake walisimama wanawake watatu wa jangwani na barakoa zao, na kila mmoja hataki mandazi ya juu ya beseni, anataka ya chini yaliyojificha, kwa kuwa ndiyo yenye moto. Bi Kudura akawachimbulia ya chini.

Soko la Jumatano la Ibra ni la wanawake watupu. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake. Mwanamume aliyepotea njia akajikuta humo hutoka ameinamisha kichwa kama aliyedondosha sarafu. Huuzwa hina, udi, vitambaa, dawa za tumbo, papa mkavu kutoka Sur, na kule pembeni, karibu na muuza mabakuli ya plastiki, huuzwa mandazi ya tui na visheti vya Bi Kudura. Huyu alizaliwa Tabora, akaletwa Omani ana miaka tisa, na mpaka leo, naye yu karibu na sitini, akitaka kununua hununua kwa Kiarabu, akitaka kukasirika hukasirika kwa Kiswahili.

"Shikamoo, Bi Kudura."

"Marahaba, Zabibu. Bibi yako yuko wapi?"

"Ameshika kitambaa cha kwanza. Hapo nina saa nzima yangu." Zabibu alikuwa mtu wa Tanga, mfanyakazi wa nyumba moja ya upande wa juu wa mji. Akachutama kwenye kivuli. "Nipe ya baisa mia tano, na kisheti kimoja cha kuonja."

"Kuonja ulionja Jumatano iliyopita. Ladha haijabadilika."

Ndipo, wakati Zabibu anacheka, Bi Kudura alipotoa simu. Akausoma ujumbe, akausoma tena. Ulitoka ofisi ya msaada wa nyumba. Ulisema kwamba miezi kumi amelipwa msaada wa kodi asiostahili, kwa kuwa pato lake limepita kiwango. Kwamba anadaiwa riali mia saba. Kwamba kuanzia baada ya mwezi mmoja msaada wake utakatwa nusu mpaka deni liishe. Na mwenye pingamizi alilete ndani ya siku thelathini.

"Kuna msiba?" Zabibu aliuliza, maana uso wa Bi Kudura ulikuwa umetulia mno.

"Hakuna. Ofisi inasema nimekula pesa yake."

"Wewe? Wewe unayehesabu visheti mpaka vya kuonja?"

"Mimi huyu huyu." Akairudisha simu mkobani, akafunga zipu. "Si kweli. Na jambo lisilo kweli lina mahali limeanzia. Nitakwenda kupatafuta. Shika mandazi yako, yatapoa."

Akauza mpaka beseni zote mbili zikabaki makombo, ndipo akaenda nyumbani.

Nyumba yenyewe ni vyumba viwili vya kupanga upande wa chini wa mji, karibu na mashamba ya mitende. Jikoni kwenye rafu kuna mikebe mitatu ya viungo, na humo ndimo yalimokuwa maisha ya nyumba ile. Mkebe wa hiliki ni wa kodi. Mkebe wa karafuu ni wa umeme na maji. Mkebe wa mdalasini ni wa Lujain, bintiye wa pekee, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa chuo kule Nizwa, amepanga chumba na wenziwe watatu. Pensheni ya marehemu mume wake ikiingia, na msaada wa kodi ukiingia, na za mandazi zikiingia, Bi Kudura huzitoa zote benki akazigawa kwenye mikebe kabla hajavua buibui. Mwenye nyumba alikuwa akisema kodi ya Bi Kudura, kwa harufu yake ya hiliki, ndiyo peke yake inayomfanya atamani kahawa.

Aliketi akapiga hesabu, wala haikuwa ndefu. Msaada ni riali sabini kwa mwezi. Ukikatwa nusu, thelathini na tano zitoke wapi? Mwenye nyumba hangoji. Umeme haungoji. Uliobaki ni mkebe wa mdalasini. Basi mia saba ya ofisi maana yake ilikuwa moja tu: Lujain arudi nyumbani na mwaka mmoja wa masomo uliobaki ubaki hivyo hivyo, kama kitambaa kilichokatwa hakijashonwa.

"Hapana," alisema peke yake jikoni. Akaenda kupiga pasi buibui la kwendea ofisini.

Ofisini alikuta kijana wa kaunta mwenye kanzu iliyonyooka na adabu nzuri, mtu wa kusema khalti, yaani mama mdogo, kila baada ya maneno matatu. Akabonyeza, akatazama, akageuza kioo ili naye aone.

"Mfumo unaonyesha hivi, khalti. Pensheni uliieleza, sawa. Mandazi uliyaeleza, sawa. Lakini kila mwezi zinaingia pesa nyingine, thelathini, ishirini na nane, thelathini na tano. Zinatoka kwa mtu mmoja, Ghanim. Na sababu imeandikwa: msaada wa familia. Hizi hukuzieleza."

"Sikuzieleza kwa kuwa si zangu. Ni za wakfu."

Kijana akashusha sauti. "Khalti, samahani. Huyu Ghanim ni mumeo?"

Bi Kudura akacheka mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka. "Mwanangu, Ghanim ana miaka themanini na mmoja, na wake zake wawili wanamtosha kwa kelele."

Kijana naye akacheka, kisha akakumbuka kazi. "Basi niletee karatasi ya wakfu. Bila karatasi, kwa mfumo haya ni pato lako."

"Utaipata," alisema Bi Kudura, akaandikisha pingamizi lake, akapewa namba.

Na hapa inafaa kueleza ule wakfu. Mashamba ya upande ule hunyweshwa na falaji, ule mfereji wa kale unaoleta maji kutoka chini ya mlima. Maji hugawiwa kwa zamu za nusu saa, na mwenye zamu asiyeihitaji huiuza mnadani. Khalaf, babu wa Maftah, yule marehemu mume wa Bi Kudura, alikuwa na zamu mbili. Siku alipoondoka kwenda bara, hajui atarudi au hatarudi, alizifanya wakfu: ziuzwe kila wiki, pesa iwekwe, na mwezi wa Ramadhani ipikwe boko boko ya ngano na nyama, watolewe tende na kahawa, na kila aliyefunga akipita msikitini pale afuturu. Hakurudi, alizikwa Tabora. Aliyerudi ni mjukuu, Maftah, akamwoa Kudura huku huku Omani. Wakakuta sufuria la babu linawangoja, kubwa la kuingia mtu. Maftah akakabidhiwa wakfu. Kila Alhamisi alikwenda mnadani, akapewa pesa mkononi, akaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Kopo lile halikutiwa kiungo chochote, lisije likachanganyika na mikebe ya nyumba.

Kisha Maftah akafariki. Watu wa falaji wakasema amana ibaki kwa mkewe, sufuria linamjua. Lakini Bi Kudura alikuwa amekaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki wala haonani na mwanamume asiye maharimu yake. Pesa ya mnada itamfikiaje? Ghanim, wakili wa falaji, yaani msimamizi wa maji na mnada wake, mzee wa heshima, hakuona vizuri kumgongea mjane mlango wala kutuma mtu. Mkwe wake akamfundisha kutuma kwa simu. Akatuma. Na eda ilipokwisha akaendelea, kwa kuwa alikuwa ameshanogewa.

Basi Bi Kudura akamfuata Ghanim. Akamkuta kwenye baraza ya saruji nje ya msikiti, simu imening'inia shingoni kwa kamba, daftari la falaji mapajani. Ghanim alikulia Unguja, Malindi, na Kiswahili chake hakikuwahi kutoka huko.

"Mzee Ghanim, shikamoo."

"Marahaba, mwanamke wa Tabora. Umeniletea visheti?"

"Nimekuletea habari. Ofisini wameshanioza kwako."

Mzee akaweka miwani vizuri. "Lo! Kwa mahari gani?"

"Riali mia saba. Na ninalipa mimi."

"Nyinyi watu wa bara mambo yenu huwa kinyumenyume siku zote," alisema Ghanim, lakini alipoelezwa habari yote ucheko ulimtoka. Akaishika simu yake akaitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyekula nguo. "Ukituma, inakuuliza sababu. Zimepangwa nyingi. Ya kwanza kabisa ni msaada wa familia. Mimi nabonyeza ya juu. Nani ana macho ya kutafuta za chini?"

"Basi ndipo jambo lilipoanzia, nusu yake. Nionyeshe daftari, nichukue nakala, niwapelekee."

Akafungua daftari. Ukurasa ulikuwa msafi, mistari imenyooka, na penye zamu zile mbili paliandikwa neno moja: Maftah. Hapakuwa na wakfu, wala futari, wala Khalaf.

Mzee akapitisha kidole juu ya neno lile. Maji yalikuwa yakipita chini ya baraza, yanasikika.

"Daftari la zamani lilichakaa," alisema. "Nililinakili mwenyewe, mwaka wa kumi na mbili sasa. Mkono ulichoka, nikafupisha. Nani hapa asiyejua kuwa maji ya Maftah ni ya futari? Hata mnadani hatuyatangazi kwa jina la mtu, tunasema maji ya futari, na hakuna anayeanzia bei ya chini."

"Hapa wote wanajua. Ofisi haijui."

"Hilo dogo." Ghanim alikuwa ameshafungua kalamu. "Neno moja tu, wakfu, nalitia hapa pembeni."

Bi Kudura akaweka kiganja chake juu ya ukurasa. Hilo halikuwa jambo la kawaida, mwanamke kulizuia daftari la falaji, na wazee wawili waliokuwa wanajisomea Kurani mlangoni wakanyanyua nyuso.

"Usitie wino, Mzee Ghanim."

"Si uongo, binti yangu. Ni kweli tupu."

"Ni kweli, lakini ni wino wa leo kwenye ukurasa wa miaka kumi na mbili. Wakiuliza, tutakuwa na kweli moja iliyovaa nguo ya uongo. La zamani liko wapi?"

Mzee akafikiri. Akainuka kwa kujisukuma magoti, akaingia msikitini, akakaa humo muda wa kuchemsha kahawa. Alipotoka alikuwa na kitu kimefungwa kitambaa, jalada limeliwa na mchwa, pembe zimekwenda. Lilikuwa limelala kabatini chini ya misahafu iliyochakaa. Walifungua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, vumbi likawaingia puani, na kwenye ukurasa uliobaki nusu wakakuta kwa wino wa kahawia: zamu mbili, wakfu wa Khalaf, za kufuturishia.

"Alhamdulillahi," alisema Ghanim, akakaa.

"Bado moja. Uniandikie barua."

"Ya nini tena?"

"Kwamba pesa zile ulizituma wewe, ni za mnada, na kwamba ile sababu ulibonyeza ya juu bila kusoma."

Mzee akajikunja. Kwa miaka thelathini watu walikuwa wakimwachia maji yao na kwenda zao, hawahesabu nyuma yake. "Watasema Ghanim amezeeka."

"Watasema Ghanim ni mkweli. Kuzeeka wanakuona kwa macho."

Akamtazama kwa hasira, hasira ikamshinda, akacheka. "Lete karatasi, mwanamke wa Tabora. Ulimi wako ungekuwa maji ungenywesha mpaka mji wa Adam."

Akaandika yote, hata habari ya kubonyeza ya juu, akapiga muhuri wa falaji. Bi Kudura akazipeleka karatasi ofisini siku iliyofuata. Kijana wa kaunta akazisoma, akasema sasa atakuja mkaguzi nyumbani, aone mwenyewe pesa imekwenda wapi.

Akaja Alhamisi ya wiki ya pili, mwanamke kijana aitwaye Wiam, ana mkoba mkubwa na viatu vya kutembelea. Lujain alikuwa nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Alikuwa ameshajua habari yote, na tangu asubuhi alikuwa anafuta meza iliyofutwa.

Wiam akakaribishwa tende na kahawa. Akatazama vyumba, akatazama jokofu, akauliza umeme wa mwezi jana. Akaona mikebe mitatu, akaelezwa, akainusa mmoja mmoja, akatabasamu. Kisha akasema, "Na pesa za wakfu, khalti?"

Lujain akapanda kiti akalishusha kopo la maziwa juu ya kabati. Bi Kudura akaleta na daftari dogo la shule, lililoanzwa na mkono wa Maftah na kuendelezwa na wake. Maftah alikuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na baba yake kule Tabora, na mkewe alijifunza kwake. Wiam akalifungua, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, maana herufi anazijua lakini lugha haijui.

"Su-ka-ri. Hii naijua! Sa-mli. Ka-ha-wa." Akafurahi kama mtoto. "Nga-no?"

"Ngano ni hii ya boko boko. Ninyi mnaiita harisi."

Wakaendelea hivyo. Upande mmoja zilizoingia, wiki kwa wiki, bei ya mnada. Upande wa pili zilizotoka Ramadhani iliyopita. Baada ya Ramadhani zilikuwa za kuingia tu. Wiam akazilinganisha na karatasi ya benki, zikalingana, akaweka alama. Mpaka akafika mwezi wa sita, akakuta mstari upande wa kutoka, peke yake, na siku kumi na tisa baadaye mwingine upande wa kuingia, wenye kiasi kile kile.

"Riali nane zimetoka. Hapa umeandika nini? Ni-me-ko-pa..." Akainua macho. "Hili silijui. Ni kitu gani?"

Lujain alikuwa anamimina kahawa. Hakuinua uso. Akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, kwa sauti ya mtu anayeuliza sukari: "Mama, sema mchele tu. Yeye hawezi jua hii."

Na kweli asingejua. Mchele ungepita. Mchele wa futari, nani angeukataa? Bi Kudura alikitazama kikombe mbele yake. Zile nane aliziona tena kama jana: joto la mwezi wa sita, Lujain yuko likizo, kiyoyozi kimekesha wiki tatu, mkebe wa karafuu mtupu, na ujumbe wa kukatiwa umeme. Alilishusha kopo mwenyewe siku ile, akatoa nane, akaandika. Hakumwambia mtu. Akiitaja sasa, huyu msichana anaweza kusema: basi khalti, pesa hizi unazitumia, ni pato, na mia saba ikakaa pale pale, na mdalasini ukaisha. Aliujua uzito wake. Lakini aliukumbuka pia mkono wa Ghanim unaandika kwa kusitasita, mzee wa watu, kwa kuwa yeye Kudura alimwambia aandike.

Akasema kwa Kiarabu, wazi, "Hapo nimeandika kwamba nimekopa. Nilichukua riali nane za wakfu nikalipa umeme. Baada ya siku kumi na tisa nikazirudisha. Sikumwomba mtu ruhusa. Kosa langu ndilo hilo, riali nane kwa siku kumi na tisa. Mia saba siijui."

Kahawa ilimwagika kidogo kwenye sahani. Lujain akaifuta.

Wiam aliweka kalamu chini. "Ulijua kuwa lugha hii siielewi."

"Nilijua."

"Nani mwingine anajua habari hii?"

"Sasa hivi, sisi watatu. Jioni hii nitamwambia wakili wa falaji, nilipaswa kumwambia zamani."

Wiam akalivuta kopo, akafungua kifuniko, akaanza kuhesabu noti, anazipanga kumi kumi juu ya meza. Katikati akasita. Akachukua noti ya tano na za moja moja tatu zilizokuwa zimekunjwa pamoja, akazisogeza puani.

"Hizi zinanukia mdalasini," alisema.

"Ni za mkebe wa huyu," Bi Kudura akamwonyesha Lujain kwa kidevu. "Ndizo nilizorudishia. Likizo ilipokwisha alikaa Nizwa wiki tatu, hakuja nyumbani, nilimwambia barabara ina matengenezo."

"Mama!" Lujain akashtuka. "Hakukuwa na matengenezo?"

"Nauli ndiyo ilikuwa matengenezoni."

Wiam akacheka bila kutaka, akafunika mdomo, kisha akamaliza kuhesabu. Riali mia tatu na kumi na mbili. Akatazama daftari: mia tatu na kumi na mbili. Akatazama karatasi ya benki, akajumlisha kwa simu, akageuza kioo ili wote waone. Hakikuzidi kitu wala hakikupungua.

"Nitaandika nilivyoona," alisema wakati anavaa viatu mlangoni. "Na zile nane pia nitaziandika, khalti."

"Ziandike," alisema Bi Kudura. "Usipoziandika hesabu haitakaa sawa."

Mlango ulipofungwa, Lujain akageuka na macho mekundu. "Ungesema mchele tungekuwa tumemaliza!"

"Mwanangu, mzee wa miaka themanini na mmoja nimemkalia kichwani mpaka akaandika aibu yake, akaipiga na muhuri. Halafu mimi ya kwangu niifiche ndani ya mchele?"

"Na wakikata?"

"Wakikata nitakata rufaa. Mdomo ninao, miguu ninayo, na nauli ya ofisini ni ya kutembea. Wewe kafungashe, kesho unarudi Nizwa. Hakuna aliyekwambia uache chuo."

Jioni ile alikwenda kwenye baraza ya msikiti akamweleza Ghanim habari ya zile nane. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema kuwa Maftah naye, Mungu amrehemu, aliwahi kukopa tano za kununulia betri ya gari, akarudisha sita kwa woga. "Zimo ndani ya daftari langu," alisema. "Hizo sikuzifupisha."

Wiki tatu zikapita. Mwezi wa Shaabani ulikuwa umefika katikati. Bi Kudura aliuza mandazi, akajaza mikebe, akamtumia Lujain za mwezi kama kawaida, hakupunguza hata baisa, kana kwamba jibu ameshalipata. Jumatano ya tatu simu ikalia ndani ya mkoba, wakati Zabibu amechutama kivulini anabishania kisheti.

Safari hii aliusoma ujumbe papo hapo. Pingamizi limekubaliwa. Deni la riali mia saba limefutwa, msaada wa kodi unaendelea kama ulivyo. Na chini yake mstari mmoja: pesa za wakfu zisipite tena kwenye akaunti yake.

"Kuna msiba?" Zabibu aliuliza.

"Hakuna." Bi Kudura akatia mkono kwenye beseni, akatoa visheti vitano, akavifunga kwenye karatasi. "Chukua. Vya kuonja."

Zabibu akavitazama, akamtazama. "Bi Kudura, wewe unaumwa."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Mnada wa maji ulikuwa umeanza alipofika. Wanaume wamekaa ukutani, mnadi anapita mbele yao na bakora, anaita zamu moja moja. Bi Kudura alisimama pembeni, upande wa mlango wa msikiti. "Maji ya futari!" mnadi aliita, na kama ada, hakuna aliyeanzia bei ya chini. Yakauzwa zamu mbili kwa mkulima mmoja wa mipapai. Mnada ulipokwisha Ghanim akamwita, akamnyooshea bahasha.

"Simu nimeistaafisha kwa kazi hii," alisema. "Haya, mke wangu wa ofisini, pokea."

Bi Kudura akaihesabu mbele yake, noti kwa noti. Kisha akalisogeza daftari la falaji, lile safi, akalifungua ukurasa mpya, ambao bado haujaandikwa kitu.

"Andika."

"Hivi huniamini?"

"Nakuamini. Andika jina lote, usifupishe. Na tarehe ya leo, kwa wino wa leo."

Mzee Ghanim akavuta pumzi, akashika kalamu, akaanza kuandika polepole, wakfu wa Khalaf, za kufuturishia, mkononi mwa Kudura. Mkono ulimchoka katikati, akavinyoosha vidole, akaendelea. Bi Kudura alisimama anangoja mpaka wino ukakauka, kisha akaenda kununua ngano.